Kiti Namba Moja cha Basi la Kaoze

Tusizunguke: siku ile mjinga alikuwa Masanja. Ukimuuliza leo atakataa kidogo, ataangalia pembeni, kisha atacheka na kukubali, kwa sababu mashahidi ni wengi mno. Lilikuwepo basi zima, ilikuwepo stendi nzima, na alikuwepo muuza chai mmoja ambaye hadi leo anasimulia kisa kile kila akipuliza jiko lake.

Ilikuwa Juni ya mwaka tisini na tatu, stendi ya Sumbawanga, saa moja kasoro asubuhi. Upepo wa Ufipa ulikuwa unapita ndani ya nguo za watu kama askari anayepekua. Biashara huria ilikuwa imeshaingia mjini na kelele zake zote. Mitumba ilimwagwa chini kwa mafungu, kaseti ziliimba tatu kwa wakati mmoja, na sabuni zilikuwa za rangi ambazo hata maua hayana. Katikati ya vurugu hiyo lilisimama basi la KAUFI, bluu na jeupe, limezeeka lakini limeoshwa, kama mzee aliyevaa kwa ajili ya misa.

Kwa asiyewahi kulipanda, KAUFI ilikuwa Kampuni ya Usafiri ya Ufipa, mali ya mkoa. Lilishuka mteremko wa Lyamba lya Mfipa siku moja hadi Kaoze, kule bondeni, na siku ya pili likapanda kurudi mjini. Jumapili lilipumzika kama Mungu alivyoagiza. Kwa miaka kumi na mbili lilikuwa limebeba chanjo, mitihani ya darasa la saba, shela za maharusi, barua, mapadri na mbegu za mahindi. Watoto saba walikuwa wamezaliwa ndani yake, na wanne kati yao waliitwa Polikarp, jina la dereva. Wa tano alikuwa msichana, akaitwa Polikarpa.

Masanja hakujua lolote kati ya hayo. Alikuwa ametoka Shinyanga, safari ya siku tatu, ameajiriwa na tajiri mmoja wa Majengo kuendesha basi jipya ambalo lilikuwa bado halijafika. Katika kulisubiri aliona ashuke Kaoze kuwaona wazazi wake, waliohamia bondeni na ng'ombe wao miaka minane nyuma wakamwacha kwa mjomba. Alivaa suruali ya krimu iliyopigwa pasi ikakata, shati la maua, viatu vyenye ncha, na miwani ya jua wakati jua lenyewe lilikuwa bado linajifikiria. Sweta hakuwa nalo. Alipanda, akaona kiti namba moja, nyuma ya dereva, kiko tupu na kimetandikwa kitambaa safi. Akakaa. Akakunja nne.

"Samahani kaka, hicho kiti hakikaliwi."

Aligeuka. Alikuwa konda, msichana mrefu, sketi ya bluu, sweta la rangi ya damu ya mzee, mkoba wa tiketi begani, na macho yale yanayokutazama kana kwamba yanajua mama yako anaitwa nani. Jina lake Coleta, mtu wa kijiji cha Pito.

"Hakikaliwi vipi, na mimi nimekikalia?"

Wamama wawili wa nyuma wakacheka. Masanja akavimba kichwa.

"Ni kiti cha mgonjwa," alisema Coleta.

"Mgonjwa mwenyewe yuko wapi?"

"Yuko njiani."

"Akifika nitampisha. Kwa sasa mimi naona kiti, naona tiketi yangu, naona na dada mzuri ananisumbua asubuhi asubuhi."

"Tiketi yako imeandikwa ishirini na saba. Nyuma kule, karibu na kuku."

"Dada yangu, hii ni biashara huria. Anayewahi ndiye anayekaa."

"Basi na kushuka uwahi."

Basi likalipuka kwa vicheko. Masanja akaona sasa ni suala la heshima ya wanaume wote wa Shinyanga. "Sisimami," alisema. "Nimeambiwa Sumbawanga ukigombana na mwanamke asubuhi, kesho yake unaamka umerogwa, uko juu ya paa. Niko tayari."

"Paa lenyewe halikutaki," Coleta alimjibu.

Mzee Polikarp, dereva, alizima injini. Alichukua chupa yake ya uji wa ulezi, akamimina kwenye kifuniko, akapuliza, akanywa taratibu. Kisha akasema kwa sauti ya mtu anayesoma ratiba: "Nikimaliza uji huu hajasimama, nitaongeza mwingine."

"We bwana wa miwani!" walipiga kelele huko nyuma. "Wenzako tuna safari!"

Hapo ndipo mlangoni akatokea mwanamke kijana, anatembea polepole, kichanga kifuani kimefungwa kitambaa cheupe, nesi anamshika mkono. Coleta alimpokea kifurushi. "Karibu mama, hongera sana. Kiti chako ni hiki hapa, ila kuna mzigo juu yake."

Yule mwanamke akautazama mzigo. Mzigo ukavua miwani.

"Kaka Masanja?"

Miaka minane. Mara ya mwisho mdogo wake Sayi alikuwa binti anayelilia ndama, na sasa alikuwa na mtoto wa siku tatu mkononi. Masanja aliruka kama aliyekalia kaa la moto, kichwa kikagonga keria ya mizigo, kikalia ngo! Aliposogea nyuma kutafuta ishirini na saba, kuku walikuwa wameshakaa. Alisimama masaa manane hadi Kaoze, anatetemeka kwa baridi mpaka walipoanza kushuka, na kila mara Coleta alipopita kukata tiketi alimwambia kwa upole wa kuumiza, "Pole kaka. Shika bomba vizuri."

Penzi linaanza kwa namna nyingi. Hili lilianza kwa nundu.

*

Basi la tajiri lilifika Julai. Lilikuwa jekundu, lina spika nne, ubavuni limeandikwa NDEGE YA BONDENI. Lilifuata njia ileile na siku zilezile za KAUFI, saa moja nyuma yake. Vijana wa mjini walilipenda kwa muziki. Wazee na wajawazito walibaki na Polikarp.

Kwa hiyo alasiri ya kila siku ya kushuka, mabasi yote mawili yalilala Kaoze, na madereva na makonda wakapata masaa ya jua yasiyo na kazi. Masanja alioga, akavaa shati lingine la maua, akaenda kwenye kijumba cha wakala wa KAUFI, Eustaki, kijana mnene mwenye redio ya upepo ya kuongea na mjini, na masikio marefu.

"Shikamoo wakala," Masanja alisema siku ya kwanza.

"Shikamoo ya nini, mshikaji, tunalingana. Unamtaka Coleta. Yuko kule, anaosha kitambaa cha kiti."

Alimkuta ameinama juu ya beseni.

"Mambo, Mama KAUFI."

"Poa, Abiria wa Kuku. Kichwa kimepona?"

"Kichwa kimepona. Kuna sehemu nyingine ndiyo haijapona."

"Pole. Zahanati inafungwa saa kumi na moja."

Walitembea kwenye matuta ya mashamba ya mpunga, yeye anaongea, Coleta anacheka kwa kujibana, yangeyange weupe wakiruka kwa uvivu mbele yao. Coleta alimweleza habari za Pito, mashamba ya ulezi, baba yake anayeimba besi kwaya ya parokia, na namna alivyoomba ukonda mara tatu akiambiwa hiyo si kazi ya msichana, mpaka Mzee Polikarp alipomwambia meneja: mimi nimechoka na makonda walevi, nipe huyo. Masanja alimweleza habari za mjomba, njaa, gereji alikolala chini ya malori, na kujifunza gari kwa makofi. Aliongea kwa mzaha, lakini Coleta aliusikia mzaha ulivyo mwembamba, na siku hiyo ndiyo alimshika mkono.

Agosti springi ya Ndege ilivunjika, Masanja akakwama Kaoze siku nne. Siku ya pili aliona hawezi. Akaenda kwa Eustaki.

"Sumbawanga, Sumbawanga, Kaoze hapa, ova."

Redio ilikoroma, kisha sauti ikaja, ileile ya Coleta, imepanda mlima na kushuka: "Kaoze, nakupata, endelea, ova."

"Naomba kujua hali ya konda, ova."

"Konda ni mzima. Anauliza nani, ova?"

"Abiria wa ishirini na saba. Anasema bonde limekuwa refu. Anasema chai haina sukari hata akiweka sukari, ova."

Redio ya upepo si simu, haina siri. Vituo vyote vya njiani vilikuwa vinasikiliza. Halafu sauti ya mzee asiyejulikana wa kituo cha Mtowisa ikaingia katikati: "We kijana, mwambie unampenda, mnatumalizia betri, ova."

"Nampenda, ova," alisema Masanja, masikio yakimwaka.

"Kaoze," Coleta alisema hatimaye, na hata kwa mkoromo ule ilisikika anatabasamu, "ujumbe umepokelewa. Ova na mwisho."

Novemba, mvua za kwanza zilipogusa vumbi, Masanja alimwomba Coleta waoane. Walikuwa kwenye ngazi za KAUFI, yeye ngazi ya chini, Coleta ya juu. Coleta alichezea kamba ya mkoba.

"Nitakujibu Krismasi."

"Kwa nini Krismasi, mpenzi? Mdomo unao leo."

"Kwa sababu mimi ni mtoto wa Pito. Jibu la namna hiyo silitoi nina vumbi la safari kichwani. Nitasuka, nitavaa gauni langu la njano, nitasali misa, halafu nitakujibu mbele ya baba."

"Na nikifa kwa kusubiri?"

"Kiti cha mgonjwa kipo."

*

Krismasi haikufika. Yaani ilifika kwa watu wote, kwao wawili ndiyo haikufika.

Wanabonde walikuwa na utaratibu wao, na KAUFI iliuheshimu. Nyumba ikiwa na mgonjwa wa kwenda hospitali, walichomeka mti kando ya barabara na kufunga kitambaa cheupe juu. Polikarp akikiona kwa mbali anapunguza mwendo, Coleta anatayarisha kiti namba moja. Hakuna aliyeuliza, hakuna aliyeandika popote. Kila mtu alijua, isipokuwa Masanja. Na hakujua kwa sababu nyepesi kabisa. Alipita saa moja nyuma ya KAUFI, na KAUFI ilikuwa imeshachukua wagonjwa wote, miti imeshang'olewa. Kwa miezi mitano hakuwahi kukutana na kitambaa hata kimoja.

Jumamosi moja mwanzoni mwa Desemba, KAUFI ilipokwisha kupita mbele ya Ilemba, Felisian, mpiga ngoma wa kwaya ya kigango, alianguka kutoka juu ya paa alilokuwa anaezeka. Mguu ukavunjika. Ndugu zake walikimbia kuchomeka mti. Nusu saa baadaye ikaja Ndege ya Bondeni, spika zinavuma. Masanja alikiona kitambaa. Kule alikokulia, kitu cheupe juu ya mti maana yake pombe imeiva, karibuni wote. Alifurahi kwa ajili yao. Alipiga honi ndefu, akapunga mkono, akapita.

Kesho yake Jumapili. Jumatatu mabasi yalikuwa yanashuka. Felisian alipanda KAUFI Jumanne, siku ya tatu, mguu umevimba kama gunia.

"Ndege haikupita?" Coleta aliuliza.

"Ilipita," alisema kaka yake Felisian. "Alikiona kitambaa. Akatupigia honi, akatupungia mkono."

Siku ile, stendi ya Sumbawanga, Coleta alikaa saa nzima juu ya kreti tupu, amejikunja ndani ya sweta lake, akisubiri Ndege iingie. Ilipoingia alisimama mbele yake hata kabla haijazima.

"Masanja, uliona kitambaa cheupe Jumamosi, baada ya Ilemba?"

"Kitambaa? Eh, nilikiona. Kwani nini?"

"Palikuwa na mgonjwa pale. Amevunjika mguu. Amekaa siku tatu na mguu wake kwa sababu wewe ulipiga honi ukapita."

Masanja alielewa yote kwa mara moja, kama mtu anayekanyaga ngazi isiyokuwepo. Alifungua mdomo. Lakini abiria wake walikuwa wanashuka wanasikiliza, na muuza chai, yuleyule, alikuwa ameshasogeza jiko karibu. Aseme nini? Kwamba alifikiri ni pombe? Stendi hii ilishamcheka mara moja. Na mtu aliyelelewa kwa makofi huwa anaogopa kicheko kuliko kofi. Akatafuta neno la kusimama nalo, akaokota baya kuliko yote.

"Mimi nina ratiba, Coleta."

Coleta alimtazama muda mrefu. Macho yake yalijaa, hayakumwagika.

"Na mimi ninayo," alisema. "Ya Krismasi nimeifuta."

*

Kuanzia hapo dada yetu alikata tiketi kama mashine. Alisuka Krismasi, akavaa gauni la njano, akasali, na baba yake alipouliza yule kijana wa bondeni yuko wapi alijibu, "Ana ratiba." Mzee hakuuliza tena, lakini jioni hiyo alimkatia binti yake kipande kikubwa cha nyama bila sababu.

Januari ilileta barua kutoka mkoani. KAUFI itabinafsishwa, njia ya Kaoze itaendeshwa na KAUFI hadi mwisho wa Juni, baada ya hapo itaachiwa watu binafsi. Polikarp aliisoma mara mbili akaikunja, akaiweka chini ya chupa ya uji.

"Kwa hiyo Julai, mzee," Coleta alisema, "nani atakuwa anasoma vitambaa?"

"Atakayekuwa kwenye usukani."

"Aliyepo kwenye usukani ninamjua."

Polikarp alikuna kidevu. "Juzi nililiona basi lake linaingia Kaoze. Kiti cha kwanza kilikuwa kitupu. Kimefungwa kamba na kitambaa cheupe."

Coleta alikwenda kumdai tiketi bibi mmoja ambaye alikuwa ameshamkatia.

Ilikuwa kweli. Siku ileile ya ugomvi Masanja alikwenda wodini kwa Felisian, akafunga mlango, akasema yote, na pombe pia. Felisian alicheka mpaka plasta ikamuuma, akamsamehe, kisha akaapa kwa rozari kwamba hatamwambia mtu. Toka wiki ile Ndege ilisimama kwenye kila mti wenye kitambaa, hata mmoja ambao ulikuwa nguo ya mtoto inaanikwa. Tajiri wa Majengo alipiga kelele kuhusu kiti kinachosafiri bure. Masanja alimwambia atafute dereva mwingine anayejua kushuka Lyamba wakati wa mvua. Tajiri akatafuta, akakosa, akanyamaza.

Lakini kwa Coleta hakwenda. Alifika mara tatu hadi nyuma ya ofisi ya KAUFI na mara tatu miguu ikageuka yenyewe.

Februari matope yakaikamata Ndege, springi zikavunjika zote mbili. Masanja alibaki Kaoze kwa dada yake Sayi, akisubiri vyuma na kiangazi. Magari yote ya watu binafsi yalilala. KAUFI peke yake iliendelea, abiria wakishuka kusukuma, Coleta mbele yao na mabuti ya mpira, tope hadi magotini. Kila ilipoingia Kaoze, Masanja alisimama nyuma ya mashine ya mpunga, akachungulia. Aliona sweta la damu ya mzee likishuka. Alimwona Coleta anageuza kichwa huku na huku kama aliyeangusha kitu. Kisha akarudi kwa Sayi akasema amekwenda kuangalia mvua.

"Na mvua imevaa nini leo, kaka?" Sayi aliuliza, anamnyonyesha mtoto.

"Sweta," alisema Masanja, kabla hajajizuia.

Huko mjini nako, Jumapili mchana, Coleta alikuwa wa zamu, peke yake na redio ya ofisi.

"Kaoze, Kaoze, Sumbawanga hapa. Hali ya mvua, ova?"

"Mvua ipo," alijibu Eustaki. "Na huyo mwingine yupo, ova."

"Sijamuuliza mtu, ova."

"Ndiyo maana nimejibu haraka. Amekonda. Anakunywa chai bila sukari, ova."

Redio ilikoroma peke yake. Coleta alikuwa ameshika kipaza sauti kwa mikono miwili, kifuani, kama mtu anayepasha vidole moto. Hakukibonyeza.

*

Alhamisi moja ya mwisho wa Machi, KAUFI ilikuwa inatoka Kaoze asubuhi, mvua nyembamba, Felisian kwenye kiti namba mbili akienda kliniki na fimbo yake. Hawajafika mbali Polikarp akapunguza mwendo.

"Kitambaa," alisema.

Coleta alifuta kioo. Kitambaa kilikuwa kidogo, cheupe, juu ya mti wa kuswagia ng'ombe. Alikijua. Ndicho kilichomfunga mtoto wa Sayi asubuhi ile ya kwanza. Akawaza ni mtoto. Aliteremka kabla gari halijasimama.

Juu ya mkokoteni wa ng'ombe, ndani ya blanketi, alikuwa Masanja. Malaria ilikuwa imemchapa siku tano. Uso umekuwa wa majivu, meno yanagongana, na chini ya blanketi, kwa sababu mtu habadiliki, shati la maua.

"Dawa za zahanati zimegoma," Sayi alisema, anatetemeka naye. "Wifi, nisaidie."

Ile wifi Coleta aliisikia, akaiacha ipite. "Mshikeni huku. Masanja, panda."

Walimpandisha. Kiti namba moja kilikuwa kimetandikwa, safi. Masanja alikishika mgongo, akasimama.

"Kaa," alisema Coleta.

"Sikai."

"Nini?"

"Nitasimama. Hiki kiti si changu. Nilikikalia mzima, nikampita mwenye haki nacho. Sistahili."

"Utasimama masaa manane na homa hiyo?"

"Siku ile nilisimama."

"Siku ile ulikuwa unaumwa kichwa kwa kiburi tu! Kaa!"

"Sikai, Coleta."

Polikarp alizima injini. Akachukua chupa. "Uji ninao," alisema, akamimina.

"Jamani, tutafika lini?" mtu alilia kule nyuma.

Basi Felisian akagonga sakafu kwa fimbo. "Mungu nisamehe na kiapo changu. Anti, huyu mtu alinipita kwa sababu aliona kitambaa akafikiri tunauza pombe!"

Basi zima, kuku na wote, likaangua. Kifuniko cha uji kilimtoka Polikarp mkononi. Masanja alifumba macho, akashikilia kiti, akingoja kicheko kimalize kazi yake. Hakikumuua. Alipofumbua alimwona Coleta peke yake hacheki.

"Pombe?"

"Kwetu kitu cheupe juu ya mti ni pombe. Niliwapigia honi ya kuwapongeza."

"Kwa nini hukusema?"

"Ungenicheka."

"Ningekucheka ndiyo! Ningekucheka wiki nzima, halafu yangeisha. Karibu miezi minne, Masanja! Uliona heri nikuone katili kuliko nikuone mjinga?"

"Mjinga ulishaniona mara moja," alisema, meno yakigongana. "Sikutaka uzoee."

Hapo ndipo Coleta alipocheka, na machozi yale ya Desemba yakatoka yote kwa pamoja. Alimgusa paji la uso kwa kiganja. Lilikuwa linawaka.

"Lile swali langu la Novemba," Masanja alinong'ona, "usinijibu leo. Utanijibu kwa huruma. Ngoja nipone. Na hapa sikai."

"Hukai?"

"Sikai."

Coleta alijifuta uso kwa mkono wa sweta, akafunga mkoba wake wa tiketi, akamwekea mikono yote miwili mabegani.

"Mzima uligoma kusimama, mgonjwa unagoma kukaa," alisema, kwa sauti ya kufika mpaka ishirini na saba. "Sasa tukishafunga ndoa, Masanja, mimi nitakuwa nakuweka wapi?"